Waliofika Kabla ya Mpira

Februari 2011 timu ya Memphis Grizzlies ilimtoa Hasheem Thabeet. Kijana wetu wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa sentimita 221, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, alifungashwa pamoja na DeMarre Carroll na haki ya kuchagua mchezaji mmoja wa raundi ya kwanza, vyote vikapelekwa Houston Rockets. Memphis ikapokea chipukizi mmoja, Ish Smith, na mtu mzima wa miaka 32 ambaye hakuwa na mbio, hakuwa na mruko, na ambaye pointi zake hazikumnyima mtu usingizi. Jina lake Shane Battier.

Wengi wetu tuliofuatilia habari zile tuliumia. Miaka miwili ilikuwa haijatimia tangu Thabeet achaguliwe wa pili katika drafti ya 2009, nyuma ya Blake Griffin, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Mitaani watu waliuliza: kijana anayegusa kikapu karibu bila kuruka anabadilishwaje kwa mzee asiyeweza hata kumfukuza mtu?

Aprili ya mwaka uleule jibu likaanza kuonekana. Memphis waliingia hatua ya mtoano wakiwa wa nane katika ukanda wa Magharibi, wakapangiwa San Antonio Spurs walioshika nafasi ya kwanza. Klabu ile ilikuwa imefika mtoano mara tatu huko nyuma, ikacheza michezo 12 na kupoteza yote 12. Battier mwenyewe alikuwamo katika vipigo vile, kabla hajahamia Houston mwaka 2006. Safari hii, katika mchezo wa kwanza, zikiwa zimebaki sekunde zisizozidi 30, ni yeye aliyetupa pointi tatu iliyowaweka Memphis mbele. Walishinda 101 kwa 98, na mwishowe wakawatoa Spurs kwa michezo 4 kwa 2. Watu wanaukumbuka mtupo ule. Mimi nakumbuka zaidi namna timu ile ilivyokuwa ikisimama pale mpira ulipokuwa mikononi mwa wapinzani: Tony Allen akiwinda pasi, Battier akimziba mpinzani upande aupendao, na katikati Marc Gasol, Mhispania mzito aliyechaguliwa wa 48 mwaka 2007, akipiga kelele mfululizo kuwapanga wenzake. Gasol huyo ndiye aliyekuwa mbele ya Thabeet katika nafasi yake.

Sisemi haya kumdharau Thabeet. Aliufungua mlango ambao hakuna Mtanzania aliyewahi kuugusa, na heshima hiyo ni yake. Lakini kikapu alikianza akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut alizima mitupo mingi hata akatajwa mlinzi bora wa ligi ya Big East mara mbili mfululizo, 2008 na 2009, kwa sababu wapinzani wa vyuoni walimfuata palepale alipokuwa amesimama. NBA hawamfuati mtu alipo, wanamhamisha. Msimu wake wa kwanza alipewa dakika 13 hivi kwa mchezo, na Februari 2010 akapelekwa kwa muda katika ligi ndogo, kwa Dakota Wizards. Mwili ulifika kabla ya jicho, na ligi ile haina subira ya kulisubiri jicho. Kwa Battier na Gasol ilikuwa kinyume: jicho lilikuwa limefika zamani.

Kwa hiyo vijana wanaponiuliza kama mlinzi mwenye akili lakini asiye na mwili wa kuruka na kukimbia anaweza kufanikiwa katika kikapu cha kulipwa cha siku hizi, sianzi na nadharia. Naanza na kizazi kile cha watu waliofika kabla ya mpira.

Battier nimemsoma na nimemtazama zaidi ya wengine. Mwaka 2009 mwandishi Michael Lewis aliandika makala ndefu kumhusu katika jarida la New York Times, na ndipo watu wengi walipojua kuwa Houston walikuwa wakimpa karatasi za takwimu kuhusu kila mtu atakayemkaba: anapenda kwenda mkono gani, anatupa kutoka wapi, wapi anakosa. Alipomkabili Kobe Bryant hakujaribu kuuzima mpira. Alijua hataufikia. Alichofanya ni kumsogeza kidogokidogo kuelekea mitupo ya mbali ya pointi mbili, kisha kuuinua mkono wake mbele ya macho ya Kobe bila kuugusa mpira wala mwili. Ukitazama kwa haraka utaona Kobe anatupa apendavyo. Ukitulia utaona anatupa kutoka mahali alipochaguliwa na mtu mwingine.

Makala ileile ina habari ambayo kila kocha wa vijana angepaswa kuisimulia. Manu Ginóbili wa San Antonio alikuwa akianzia benchi, na Battier, aliyekuwa akianza mchezo, alijikuta amepumzishwa wakati Ginóbili yuko uwanjani. Akamwendea kocha Rick Adelman faraghani na kumwomba amweke benchi, ili aingie kila Ginóbili anapoingia. Mchezaji wa kulipwa, ambaye jina lake hutangazwa ukumbini taa zikiwa zimezimwa, anaomba mwenyewe lisitangazwe! Nimewahi kukaa na wachezaji wa ligi zetu za mikoa ambao ukiwaweka benchi dakika tano hawakusalimii wiki nzima. Kwangu mimi ombi lile la Battier ni ulinzi sawa na ribaundi au bloku, na miguu haihusiki nalo hata kidogo.

Houston hiyohiyo, mwanzoni mwa 2008, ilishinda michezo 22 mfululizo. Baada ya ushindi wa 12, mchezaji wao mkubwa Yao Ming akaumia mguu, msimu wake ukaisha. Kila mtu alidhani basi. Nafasi ya Yao akaichukua Dikembe Mutombo wa Kinshasa, mwenye umri wa miaka 41, na timu ikashinda michezo mingine 10 kabla Boston hawajaukata mnyororo ule. Mutombo wa ujanani aliruka, hilo halina ubishi. Alitajwa mlinzi bora wa NBA mara nne na mitupo 3,289 aliyoizima inapitwa na ya Hakeem Olajuwon peke yake. Lakini Mutombo wa 2008 hakuwa tena na magoti ya Mutombo wa Denver. Alisimama. Alijua mpiga chenga atageukia wapi, akawa amekwisha kuweka mwili wake pale na mikono imenyooka juu. Mbele yake alikuwapo Battier, akiwaelekeza watu njia ambayo mwishoni mwake yule mzee alikuwa anangoja. Hao walikuwa wawili wasio na kasi katika safu moja ya ulinzi, na walikuwa wakishinda. Mutombo alifariki Septemba 30, 2024, na tangu siku hiyo nimeirudia michezo ile zaidi ya mara moja, kwa sababu watu wanamkumbuka kwa kidole chake cha kukataza na kwa hospitali aliyoijengea Kinshasa, ambayo ni sadaka kubwa kuliko kikapu chote, lakini wachache wanazikumbuka wiki zile alipokaba kwa kumbukumbu.

Rika langu lina malalamiko yake. Wazee wenzangu tukikutana husema ulinzi umekufa, kwamba enzi zetu mlinzi alikuwa mlinzi. Mimi nakubaliana nao nusu, na nusu nyingine nawapinga, tena kwa ushahidi wa kanuni zenyewe.

Kabla ya msimu wa 2001–02, NBA ilimlazimisha mlinzi amfuate mtu wake au aende kumsaidia mwenzake kwa mwenye mpira. Kusimama katikati ya watu wawili, ukilinda nafasi tu, kulikuwa kosa. Sasa fikiri: hali hiyo ilimfaa nani? Ilimfaa mwenye miguu. Mtu mzito mwenye kichwa chepesi alifungwa kamba kwa mpinzani wake, na mshambuliaji mwenye chenga alipewa upande mzima wa uwanja amchezee atakavyo. Larry Bird wa Boston, ambaye hakuna aliyewahi kumsifia mbio, alitajwa katika kikosi cha pili cha walinzi bora mara tatu, 1982 hadi 1984, na alilazimika kufanya hivyo kwa kuiba muda. Kanda ya video ya Mei 26, 1987 tuliitazama mpaka ikaanza kukwaruza. Detroit wanaongoza kwa pointi moja, zimebaki sekunde 5, mpira ni wao, Isiah Thomas anaurusha kutoka pembeni. Bird hayuko karibu na anayerushiwa. Lakini anaona mpira unatoka mkononi kwa ulegevu, anaukata, anakaribia kutoka nje ya mstari, anageuka na kumwona Dennis Johnson anakimbilia kikapuni. Boston 108, Detroit 107. Mwenye miguu ya kasi kuliko Bird, akianza kukimbia baada ya pasi kuwa hewani, asingeufikia mpira ule.

Mwaka 2001 kanuni ile ya zamani iliondolewa. Mlinzi akaruhusiwa kusimama anapotaka, mradi asikae zaidi ya sekunde 3 katika eneo la chini ya kikapu bila kuwa karibu na mpinzani. Huo ndio mwaka ambao mtu wa kufikiri alipewa uhuru wake, na wazee wenzangu hawautaji kamwe. Bila mabadiliko yale Marc Gasol asingekuwa mlinzi bora wa NBA wa 2013.

Kisha ukaja mkono wa pili wa kanuni. Kuanzia msimu wa 2004–05 waamuzi waliamriwa kupuliza kila mlinzi anapomshika au kumzuia kwa kiganja mtu wa pembeni mwenye mpira. Hapo mlinzi mzito alinyang'anywa breki aliyokuwa akiitumia. Na baada ya hapo ikaja hesabu. Mtupo wa mbali wa pointi mbili ukiingia mara 40 katika 100 unaleta pointi 80. Wa pointi tatu ukiingia mara 36 tu unaleta 108. Makocha walipolishika hilo hawakuliachia. Pointi tatu ilipoanzishwa NBA mwaka 1979 timu ilijaribu chini ya mara 3 kwa mchezo. Msimu wa 2011–12 zilikuwa zaidi ya 18. Msimu wa 2023–24 zilifika 35. Mtu wa kukaba aliyezoea kulinda mita tano kutoka kikapuni anaburutwa mpaka kwenye mstari ulio mita 7.24, na akitoka huko nyuma yake panabaki uwanja mtupu.

Aliyeumizwa na mabadiliko hayo kuliko wote ni Roy Hibbert, na habari yake sipendi irukwe na wale wanaotaka kuamini kuwa akili inatosha. Hibbert alikuwa jitu la sentimita 218, mzito, wa Indiana Pacers, aliyefanya kitu kimoja kwa ustadi wa kustaajabisha: kuruka wima, mikono juu, bila kuinamia upande wowote, hata mwamuzi asipate sababu ya kupuliza. Mwaka 2013 alimzima Carmelo Anthony kikapuni kwa namna ambayo bado inaonyeshwa. Mwaka 2014 alikuwa wa pili katika kura za mlinzi bora. Mwaka huohuo Atlanta Hawks, waliofika mtoano wakiwa wameshinda michezo 38 tu, walimweka mtu wao mrefu Pero Antić nje kwenye pointi tatu. Hibbert akitoka kumfuata, kikapu kinabaki wazi. Akibaki, Antić anatupa. Atlanta wale dhaifu waliwapeleka Pacers waliokuwa wa kwanza mpaka mchezo wa saba. Baada ya msimu wa 2016–17 Hibbert hakuwa tena NBA. Alielewa kila kitu kilichokuwa kikimtokea. Nina hakika na hilo, maana uso wake ulikuwa wa mtu anayeliona jambo linakuja. Akili ilimwambia pa kwenda, miguu haikuweza kumpeleka kwa wakati.

Basi ipo bei ya kuingilia, na kila muongo inapanda. Mwili wa Battier nao usisahauliwe: alikuwa na sentimita 203. Gasol ana 211 na mabega ya kuzuia lori. Kyle Anderson, ambaye Wamarekani wamempa jina la utani kwa ajili ya uzito wa mwendo wake, aliyechaguliwa wa 30 mwaka 2014, ana mikono mirefu kiasi kwamba mwenye chenga akidhani amempita bado anakuta vidole njiani; alikuwamo katika kikosi cha Minnesota cha 2023–24, kilichokuwa na ulinzi mkali kuliko wote katika ligi. Tunapowaita watu hawa wasio na mwili wa kimichezo tunamaanisha kwamba hawana mruko na hawana mbio. Urefu wanao. Mfupi asiye na kasi, hata awe na akili ya mwalimu wa hesabu, NBA ya leo inamwinda.

Neno kuwinda nalitumia kwa makusudi. Timu inapopata mpira siku hizi haiulizi kwanza nani wetu yuko moto. Inauliza nani wao ni dhaifu, kisha inamleta mtu anayekabwa na huyo dhaifu aweke skrini, walinzi wabadilishane, na mshambuliaji bora akutane naye ana kwa ana. Cleveland walimfanyia hivyo Curry katika fainali za 2016, mara kwa mara, mchana kweupe.

Na bado katika fainali hizohizo kuna sekunde chache ninazozirudia kila nikibishana na vijana. Juni 19, 2016, mchezo wa saba. Kyrie Irving ametoka kutupa pointi tatu, Cleveland 92, Golden State 89, imebaki chini ya dakika moja. Golden State wanaweka skrini, na Kevin Love anabaki nje na Stephen Curry. Love! Mtu ambaye msimu mzima alitajwa kuwa tundu katika ulinzi wa timu yake. Tazama miguu yake. Hairuki. Anamkaribia Curry kiasi cha kumpumulia, anacheza hatua fupifupi, na hajali kupitwa. Timu yake inaongoza kwa pointi tatu. Curry akimpita na kufunga mbili, Cleveland bado wanaongoza. Kwa hiyo Love hana haja ya kulinda vitu viwili. Analinda kimoja tu, mtupo wa mbali. Curry anautoa mpira, anaupokea tena, anayumba kushoto, anayumba kulia, mwishowe anatupa pointi tatu akiwa hajapata nafasi. Anakosa. Cleveland wanakuwa mabingwa kwa 93 kwa 89. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa jinsi ufahamu wa hesabu ya mchezo unavyompunguzia mtu mzito mzigo wa miguu. Ni mara moja tu, mtu atasema. Sawa. Lakini mara moja ile ilitosha.

Gasol aliifanya kazi hiyo kwa miaka. Februari 2019 Masai Ujiri, Mnigeria ambaye mama yake ni Mkenya, aliyekuwa akiiongoza Toronto Raptors, alimchukua kutoka Memphis. Gasol alikuwa na miaka 34 na watu walisema amechelewa. Kati ya Aprili na Mei akakutana na Joel Embiid wa Philadelphia, Mkameruni mwenye nguvu na miguu myororo ambaye wengine wote walishindwa kumtuliza. Namna Gasol alivyomkaba haikuwa na kitu cha kuwekwa kwenye kipande kifupi cha video. Anaanza kazi kabla Embiid hajapata mpira: anaweka paja lake nyuma yake, anampeleka hatua moja mbali na alipotaka kupokelea. Mpira ukija, Embiid yuko mita moja nje ya makazi yake. Anajaribu kumdanganya kwa kuinua mpira kana kwamba anatupa. Gasol haruki, maana hakuwa na mpango wa kuruka tangu awali. Muda unakwenda, zile sekunde 24 za kushambulia zinaisha. Toronto walichukua ubingwa mwezi uliofuata, na Novemba 25 ya mwaka uleule Embiid alicheza mjini Toronto akatoka na pointi 0. Alitupa mara 11. Zote alikosa.

Timu ile ya Toronto inastahili kukaliwa zaidi, kwa sababu inajibu pia kuhusu wafupi. Kyle Lowry na Fred VanVleet wote hawakufika sentimita 185. VanVleet hata hakuchaguliwa katika drafti ya 2016. Katika mchezo wa pili wa fainali za 2019 kocha Nick Nurse alimwambia VanVleet amfuate Curry kila aendako, na wengine wanne wapange sanduku nyuma yake, mpango ambao kwa kawaida unauona katika mashindano ya shule. Golden State walishinda mchezo ule lakini walikwama kwa dakika nyingi mbele ya kitu ambacho hawakukitegemea. VanVleet alifanikiwa kwa sababu nyuma yake walikuwapo Kawhi Leonard, Pascal Siakam, Serge Ibaka na Gasol. Mfupi mwenye akili huishi kwa jamaa zake. Ukimwondoa katikati yao na kumpeleka kwenye timu ambayo kila mtu anacheza peke yake, anageuka windo tena, na akili yake haimsaidii kitu. Hapo ndipo mazungumzo mengi yanapopotoka: tunauliza kama mchezaji fulani anaweza kukaba, kana kwamba kuna anayekaba peke yake.

Ndiyo maana huwa nasikiliza zaidi ya kutazama ninapoenda viwanjani. Pale Don Bosco Upanga jioni, vijana wakicheza, utasikia kelele nyingi za kushangilia anayepachika mpira kwa mikono miwili. Ulinzi wao uko kimya. Mtu anawekewa skrini kutoka nyuma, anagonga kifua cha mtu, na mwenzake aliyeiona skrini inakuja hakufungua mdomo. Kumwambia mwenzako "skrini kushoto" hakuhitaji goti zima wala sentimita 200. Kocha akiligombeza kosa lile kwa ukali uleule anaomgombezea aliyekosa mtupo wa wazi, timu yake itabadilika ndani ya msimu mmoja. Nimeliona likitokea katika timu zisizo na mrefu hata mmoja.

Siwalaumu vijana wa sasa, na wazee wenzangu wanisamehe. Mchezaji wa leo anasoma zaidi yetu. Sisi wa Bara hatukuwa na televisheni ya nyumbani hadi miaka ya 1990. Tulikijua kikapu cha Marekani kwa kanda chache zilizopita mikono mingi. Kijana wa leo anaweza kuitazama michezo yote ya mpinzani wake kwenye simu akiwa ndani ya daladala. Draymond Green, aliyechaguliwa wa 35 mwaka 2012 akaja kuwa mlinzi bora wa 2017, hukumbuka michezo ya wapinzani kuliko wapinzani wenyewe. Al Horford wa Jamhuri ya Dominika alipata ubingwa wake wa kwanza na Boston mwaka 2024, siku chache baada ya kutimiza miaka 38, akiwa bado anakabidhiwa washambuliaji waliokuwa wadogo kwake kwa miaka mingi. Nikola Jokić haruki juu zaidi ya karatasi, lakini mikono yake huwa imefika penye pasi, na Denver walikuwa mabingwa naye mwaka 2023.

Hofu yangu kwa mlinzi mzito mwenye akili inatoka kwingine. Zamani mpinzani wake wa ajira alikuwa mrukaji asiyeelewa, na makocha wenye hekima walijua kumchagua yupi. Sasa anakuja mrukaji anayeelewa. Victor Wembanyama wa Ufaransa ana sentimita zaidi ya 220, anatembea kama mchezaji wa pembeni, na bado anasoma mchezo. Karibu na kwetu zaidi, Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Uganda, aligusa kikapu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 13 hivi. Huyo hakuachwa ajifunze mwenyewe. Alipelekwa katika chuo cha NBA kule Senegal, akachezeshwa na watu wazima katika Ligi ya Kikapu ya Afrika akiwa kijana mdogo, mwaka 2024 akiwa na City Oilers ya Kampala, akaenda Olimpiki ya Paris, akapita Chuo Kikuu cha Duke alikosoma Battier, na mwaka 2025 akachaguliwa wa 10. Jicho na mwili vinakuzwa pamoja. Watoto wa namna hiyo wakiwa wengi, nafasi ya mwenye akili peke yake itabana.

Itabana, lakini haitafungwa. Naamini Battier, akizaliwa leo na miguu ileile, asingechaguliwa wa sita kama alivyochaguliwa 2001. Angesubiri mwishoni mwa raundi ya pili, au asingeitwa kabisa. Angezunguka miaka miwili mitatu katika ligi ndogo na katika klabu za Ulaya. Kisha mwezi wa nne mmoja, kocha fulani wa NBA, mwenye mpinzani ambaye warukaji wake wote wamemshindwa, angempigia simu.